Nilikuta vitu vya watoto wa wenzangu ndani ya tranka la mwanangu

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Dodoma pamoja na mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza ana umri wa miaka 17, yuko kidato cha nne katika shule ya bweni ya wavulana iliyo mkoa mwingine, na tangu mwaka jana ni kiranja wa bweni. Shule sitaitaja. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na mara nyingi nimeona barua za wazazi ambao watoto wao wanaonewa shuleni, lakini sijawahi kuona barua ya mzazi wa yule anayeonea. Sasa nimeelewa ni kwa nini.

Kijana wetu alirudi nyumbani likizo hii ya Juni. Kesho yake asubuhi nilifungua tranka lake ili nitoe nguo za kufua. Nikakuta mablanketi mawili nisiyoyafahamu, shuka lililotiwa pembeni herufi za jina la mtu kwa uzi mwekundu, masweta mawili madogo ambayo mwanangu hawezi kuyavaa hata kwa kulazimisha, na kopo tupu la maziwa ya unga lenye jina la mtoto lililoandikwa kwa rangi ya kucha. Chini kabisa kulikuwa na daftari la kemia. Kurasa za nyuma za daftari hilo zimechorwa jedwali kwa rula, vizuri kabisa, lenye siku za wiki na majina ya watoto kumi na wanne. Mbele ya kila jina pameandikwa kazi au kitu: kufua, maji, pasi, sukari, mkate. Majina mengine yamewekewa alama ya vema, mengine ya kosa. Mbele ya majina mawili ameandika kwa herufi kubwa: FIMBO 6, FIMBO 10. Mwandiko ni wa mwanangu.

Nilimwita nikamwonyesha. Hakushtuka. Alitabasamu kama mtu aliyekutwa na jambo dogo, akaniambia, "Mama, hao ni njuka tu, wageni wa kidato cha kwanza, na huo ni utani wa bwenini. Hata mimi nilifanyiwa hivyo hivyo. Wakifika kidato cha tatu watasahau." Kisha akaniomba nisimwambie mwalimu, kwa sababu atavuliwa ukiranja na wenzake watamcheka.

Mshauri, huyu ni mtoto anayeimba kwaya. Akiwa nyumbani anamchotea bibi yake maji bila kuagizwa, na wadogo zake hajawahi kuwapiga. Nakumbuka alipokuwa kidato cha kwanza alirudi likizo amekonda, hana blanketi wala ndala, na baba yake akamwambia avumilie, maana ndiyo ukubwa. Baada ya hapo hakulalamika tena, nasi tukadhani amezoea.

Jambo linaloninyima usingizi ni jina moja katika orodha ile. Siku ya kutembelea wanafunzi, mwezi Machi, nilikaa kivulini na mama mmoja ambaye mtoto wake, mwenye miaka 13, ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Tuligawana chakula. Mtoto wake alikaa ametupa mgongo, hakula. Yule mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne, na kwamba kila likizo anapomwambia afunge mizigo, anaumwa tumbo. Wakati huo mwanangu akapita, akamwamkia kwa heshima zote. Yule mama akanigeukia akasema, "Una bahati, mwanao ana adabu. Mwambie aniangalizie huyu wangu." Nami nikamwita mwanangu, nikamwambia, "Huyu ni mdogo wako, umwangalie." Mtoto yule ndiye wa siku ya Jumatano katika jedwali. Ndiye mwenye FIMBO 6, na kopo la maziwa ni la kwake. Mimi na mama yake tulipeana namba za simu, na kila Jumapili hunitumia salamu.

Mume wangu anasema tuchane kurasa zile, tumkanye kijana, na tusubiri mtihani wa taifa wa mwezi Novemba upite. Anasema tukienda shuleni tutakuwa tumemfukuzisha mtoto wetu kwa mikono yetu wenyewe, baada ya kumlipia ada miaka minne, na kwamba hata yeye alisoma bweni, akachapwa na viranja, na leo ni mtu mzima mwenye familia. Mimi uchungu wa mwana naujua, lakini naujua pia wa yule mama mwenzangu. Nikisema, nimemsaliti mwanangu. Nikinyamaza, nitampokeaje yule mama simu siku ya Jumapili? Shule zitafunguliwa Julai. Naomba unishauri.

Mama wa kiranja, Dodoma


Majibu ya mshauri

Mama mpendwa,

Nakushukuru kwa barua yako, na zaidi kwa namna ulivyoiandika, kwa sababu hukuficha upande wa mwanao unaomchafua wala hukusahau upande wake mwema. Niirudie hali yako kama nilivyoielewa. Una ushahidi, kwa mwandiko wa mwanao, kwamba yeye peke yake au pamoja na wengine amekuwa akiwatumikisha wanafunzi wadogo, akichukua vitu vyao na pengine kuwachapa. Unamfahamu mmoja wa watoto hao na mama yake. Mwanao haoni kwamba kuna kosa, baba yake analiona kosa lakini anaogopa gharama ya kulisema, na wewe umebaki katikati, ukiwa na likizo inayokwisha. Unaniuliza umchague nani, mwanao au mtoto wa mwenzako.

Kabla ya kuingia katika swali hilo, niruhusu niliguse lenyewe. Umeliweka kana kwamba manufaa ya watoto hawa wawili yanapingana, kwamba mmoja akisalimika ni lazima mwingine aangamie. Huenda ikawa hivyo kwa muda mfupi: mwanao akivuliwa ukiranja atalia, na mtoto wa kidato cha kwanza atalala salama. Lakini kijana wa miaka 17 ambaye amejifunza kupanga maumivu ya wenzake kwa rula na siku za wiki, huku akitabasamu mbele ya mama yake, naye yuko katika hatari ya namna yake. Miezi michache ijayo atatoka katika shule hiyo na kwenda mahali ambako hakuna njuka, ila wako wafanyakazi wa chini yake, au mke, au watoto. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili unapolipima jambo hili usimweke mwanao upande mmoja tu wa mizani, ule wa mtu anayeweza kupoteza.

Mwanao anauita mchezo wake utani, na pengine anaamini hivyo. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, alianza kuchunguza uonevu wa shuleni katika miaka ya 1970, na vigezo vitatu alivyoviweka bado vinatumika karibu kila mahali: kitendo kiwe cha makusudi, kirudiwe, na kitokee kati ya watu wasiolingana nguvu, kiasi kwamba mdogo hawezi kujitetea kwa urahisi. Jedwali la siku za wiki linatimiza vyote vitatu bila kuhitaji shahidi. Ukitaka kuzungumza naye juu ya utani, mwulize swali moja tu: yule wa Jumatano anaweza kukataa? Akikataa, kinatokea nini? Jibu liko katika daftari lake.

Na hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na huenda hata mwanao halijui. Kwa mujibu wa kanuni za elimu za Tanzania kuhusu viboko, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na ni lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Kiranja humo hayumo kabisa. Mwanao aliyeandika FIMBO 10 amejipa mamlaka ambayo hata mkuu wake wa shule hana. Kama kweli fimbo hizo zilichapwa, hatuzungumzii tena ukali wa kiranja. Tunazungumzia shambulio dhidi ya mtoto.

Hata hivyo nakuomba usihitimishe haraka kwamba yote yaliyomo katika kurasa zile ni ya kwake peke yake. Umeutambua mwandiko, lakini mwandiko hautuambii jedwali lilianzishwa na nani. Katika shule nyingi za bweni patroni mmoja hulea watoto wengi kuliko macho yake yanavyoweza kufika, na taa zikishazimwa, bweni huongozwa na viranja. Mtu mzima anapolala, mamlaka yote ya usiku huwa mikononi mwa kijana wa miaka 17 ambaye hakuna anayemuuliza ameyatumiaje. Inawezekana alilirithi jedwali hilo kutoka kwa kiranja aliyemtangulia, kama anavyorithi funguo. Inawezekana yupo mwalimu anayejua na kufumba macho, kwa sababu bweni likiwa safi na kimya hakuna anayehoji limesafishwaje. Hilo halimwondolei mwanao wajibu wake, lakini linabadilisha kile unachopaswa kukidai shuleni. Mkimwondoa yeye na kuliacha jedwali, Julai litapata mwandishi mwingine.

Amekuambia pia kwamba hata yeye alifanyiwa. Mama, naliona hilo kuwa ndilo neno zito kuliko yote aliyoyasema, na nimeshangaa kidogo kwamba katika barua yako umelipita upesi. Ulimwona amerudi amekonda, hana blanketi. Aliambiwa avumilie, akavumilia, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemuuliza alivumilia nini. Wapo watoto ambao wakishaonewa huapa moyoni kwamba hawatamfanyia mwingine, na hao ni wengi. Wapo pia ambao hungoja zamu yao. Siwezi kukuambia kwa nini mwanao amekuwa katika kundi la pili. Naweza kukuambia tu kwamba ukianza mazungumzo na yeye kwa kumuuliza habari za mwaka wake wa kwanza, nani alimchukulia blanketi, alikuwa akifanya kazi za nani, alichapwa wapi na kwa kosa gani, utasikia mengi zaidi kuliko ukianza na hukumu. Mazungumzo hayo yafanyike mkiwa wawili, bila wadogo zake, na ikiwezekana mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, maana vijana wa umri huo huzungumza vizuri zaidi wasipotazamwa usoni.

Yana hatari yake, na sitakuficha. Ukimbana sana kabla shule haijajua lolote, anaweza kuwapigia simu wenzake, wakajipanga. Na linaloniogopesha zaidi ni kwamba watakaporudi bwenini, watatafuta nani kasema. Watoto wale kumi na wanne hawakusema kitu. Daftari ndilo lililosema. Lakini kidato cha nne wataanza kwa kumshuku mdogo kuliko wote, na usiku wa kwanza wa muhula unaweza kuwa mbaya kuliko ule wa mwisho. Kwa hiyo njia yoyote utakayoichagua, jiulize kwanza watoto hao watalala wapi na nani atakuwa macho siku ya kufungua shule.

Nimwendee sasa mumeo, ambaye nadhani barua yako haikumtendea haki yote. Hofu yake si ya kijinga. Ameona kijana akikaribia mwisho wa safari ndefu na anaogopa kumwona akiangukia mlangoni. Ni kweli shule inaweza kumsimamisha, na ni kweli kwamba kusimamishwa Agosti au Septemba kunaweza kumvuruga kuelekea Novemba. Lakini kusimamishwa kwa muda na kufukuzwa si jambo moja, na kwa kawaida kumfukuza mwanafunzi hakumalizwi na mkuu wa shule peke yake. Bodi ya shule huhusishwa, na mzazi hupewa nafasi ya kusikilizwa. Mzazi aliyekuja mwenyewe, na kijana wake mkononi, na vitu vya watu vimefuliwa na kukunjwa, husikilizwa tofauti na yule aliyeitwa baada ya mtoto kulazwa hospitali. Siwezi kukuhakikishia matokeo. Inawezekana mkaangukia kwa mkuu wa shule mkali anayetaka kumfanya mwanao kuwa mfano kwa wengine, na hapo hofu ya mumeo itakuwa imetimia.

Ila naye aipime hesabu ya upande wa pili. Kutoka Julai hadi Novemba ni muhula mzima, na ndani yake kuna Jumatano nyingi. Anaposema tusubiri, kuna mtoto wa miaka 13 anayesubiri pamoja naye bila kuulizwa. Tena kusubiri hakumlindi mwanao kama anavyodhani, kwa sababu jambo la namna hii kuna siku mtoto mmoja hulisema, au huumia, au hutoroka shule usiku, na hapo kurasa zilizochanwa nyumbani zitaonekana kuwa za wazazi waliojua. Hata kama hamtakubaliana katika mengine yote, nawasihi msizichane. Yameandikwa humo majina ya watoto kumi na wanne ambao mtu mzima mmoja anapaswa kuketi nao na kuwauliza habari zao.

Kuhusu hoja yake kwamba alichapwa na viranja na leo ni mtu mzima, sidhani kama utamshinda kwa mabishano. Mwulize tu, jioni moja mkiwa mmetulia, kama katika darasa lake alikuwapo mvulana aliyeacha shule katikati ya mwaka, na kama anajua aliacha kwa nini. Wanaume wengi waliosoma bweni wana jina la mtu kama huyo, hata kama hawajalitaja siku nyingi.

Ukiamua kwenda shuleni, njia hiyo nayo ina namna zake. Unaweza kwenda kwa mkuu wa shule, au kwa mwalimu wa ushauri nasaha kama yupo na anaaminika, kabla ya siku ya kufungua, ukiwa na mwanao ili aseme kwa kinywa chake. Kusema mwenyewe kutamgharimu, lakini ni tofauti kubwa na kusemewa. Andika barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala. Usiishie katika kueleza kilichotokea. Uliza shule itafanya nini, maana hapo ndipo mambo huharibika. Shule nyingine, kwa nia njema kabisa, humsimamisha kiranja mbele ya gwaride, akachapwa, kisha wakaitwa waliompa sukari ili wapeane mikono na kusameheana hadharani. Usiku huo huo gharama yake hulipwa na wadogo. Mtoto anayemwogopa mwenzake hawezi kusuluhishwa naye kama watu wawili waliogombana uwanjani, kwa sababu hakukuwa na ugomvi. Wewe unaweza kuomba mambo ya kawaida kabisa: mwanao avuliwe ukiranja bila shamra shamra, ahamishiwe bweni lingine lisilo na kidato cha kwanza, wadogo waulizwe mmoja mmoja na mwalimu wanayemwamini, na mwalimu huyo arudi kuwauliza tena baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi.

Liko na kundi la tatu, lile la waliokuwa wakitazama. Bweni lile lina vijana wa kidato cha pili na cha tatu wasiomchapa mtu wala kuchapwa, ila wanaona kila kitu. Nchini Finland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku waliandaa mpango wa shule uitwao KiVa ambao umejengwa juu ya watazamaji hao, kwa hoja kwamba mwonevu hutafuta heshima ya kundi, na kundi likiacha kucheka, heshima hiyo hupungua. Mwanao mwenyewe amekuambia kwamba anachokiogopa ni wenzake kumcheka. Mwalimu mwenye busara atajua la kufanya na taarifa hiyo.

Sasa yule mama mwenzako. Moyo wako unakusukuma kumpigia simu, na nauheshimu msukumo huo, lakini jiulize unampigia ili apate nini. Kama ni ili ajue na amlinde mwanawe, basi ana haki ya kujua, na kadiri anavyojua mapema ndivyo anavyoweza kumuuliza mtoto wake taratibu kabla ya shule kufunguliwa. Kama ni ili wewe upate nafuu ya moyo, ngoja kidogo. Akishajua, uamuzi wa hatua inayofuata unakuwa wake pia: anaweza kukusamehe, anaweza kukutukana, anaweza kwenda polisi. Usimwambie halafu ukamwomba anyamaze. Na tafadhali msiende kwake na wazee, kitenge na bahasha ili "tuyamalize nyumbani". Najua desturi hiyo ina heshima yake katika mambo mengi, lakini katika hili humweka mama katika aibu ya kukataa zawadi, na mtoto hubaki na fimbo zake. Jambo moja dogo: hadithi ya kukojoa kitandani usiichukue kuwa ushahidi wa mwisho. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi kisha akaanza tena huenda ana hofu, huenda ana ugonjwa, huenda ana vyote viwili, na mama yake anapaswa kumpeleka kwa daktari bila kujali uonevu umethibitishwa au la.

Kuna swali ambalo nadhani unaliogopa, nami nalitaja kwa sababu mtu lazima alitaje. Jedwali limeandika kufua, maji na sukari. Yanayotokea bwenini usiku hayaandikwi yote. Utakapozungumza na mwanao, mwulize kwa utulivu, kwa maneno ya wazi, kama mtoto yeyote aliwahi kuguswa mwili, kuvuliwa nguo au kulazimishwa kulala kitanda kimoja na mkubwa, na umuulize kuhusu yeye mwenyewe alipokuwa kidato cha kwanza. Kama jibu litakuwa ndiyo, au litakuwa ukimya wa namna ambayo mama huitambua, basi tumetoka katika mambo ya nidhamu ya shule. Hilo ni la hospitali na la Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na hapo siwezi tena kukupa njia nyingi za kuchagua. Mwanao naye bado hajafikisha miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto, na kesi yake, ikifika huko, itasikilizwa katika Mahakama ya Watoto.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mitaa ya eneo husika. Sikuandikii hili kama hakimu. Nakuandikia kwa sababu huenda siku moja mumeo akauliza kama mlikuwa na wajibu wowote. Kama hamjaweza kuamua, au mnaogopa shule itayafunika, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwasikiliza kabla hamjakwenda popote. Namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo, nanyi mnaweza kuomba ushauri hata kabla ya kutaja jina la shule. Hatari ya njia hii ni kwamba ikishafunguliwa, mwendo wake hamtautawala ninyi peke yenu. Faida yake ni hiyo hiyo.

Umesema ukizungumza utakuwa umemsaliti mwanao. Sina hakika kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka 30, atalikumbuka hivyo, ila siwezi kuahidi. Inawezekana akakukasirikia mwaka mzima. Ukichagua kwenda shuleni, mwambie kabla hujakwenda, umweleze kwamba utakaa naye kila hatua, kwenye ofisi ya mkuu wa shule na baada yake, na kwamba ada yake ya mtihani na nafasi yake mezani nyumbani havitegemei yatakayotokea huko. Kijana anaweza kubeba adhabu. Kuikosa nyumba ni mzigo mwingine.

Wakati mkiendelea kutafakari, vifueni vitu vile na msivitupe wala kuvigawa. Mwanao ndiye avifue, kwa mikono yake, na kando ya kila kimoja aandike kwenye karatasi ni cha nani na alikipata vipi. Kopo la maziwa ni tupu, litahitaji lingine. Fedha yake itoke katika matumizi yake mwenyewe. Virudishwe kupitia mwalimu, na si kwa mkono wake bwenini. Kisha uangalie jinsi anavyoiandika orodha hiyo, kama anaandika majina yote au anaruka mengine, kwa sababu kabla ya Julai hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko ushauri wangu. Kama mkuu wa shule atakataa kuwapokea, ngazi inayofuata ni afisa elimu sekondari wa halmashauri iliko shule hiyo, na mtakwenda kwake na ile nakala ya barua yenye tarehe.